Siku Thelathini na Nane za Rula

Ofisini wanamwita Rula. Jina lake lenyewe liko kwenye faili la wafanyakazi, kabati la pili, na ukimuuliza mtu yeyote pale atakuambia halijui. Rula, kwa sababu kazi yake ni kupima. Kuna mto, kwenye mto kuna nguzo ya zege, kwenye nguzo kuna ubao mweupe wenye mistari myeusi ya sentimita. Rula anasoma maji yamefika mstari gani. Saa kumi na mbili asubuhi, saa kumi na mbili jioni. Basi. Miaka kumi na tisa.

Mimi ni fundi wa mfumo wa kompyuta wa ofisi hiyohiyo ya maji. Usicheke. Shule niliachia kidato cha pili, baada ya kumwambia mwalimu maneno ambayo hapa siyaandiki. Nikakaa kibandani natengeneza simu, kutoka simu nikaingia kompyuta, kutoka kompyuta nikaingia seva, na mpaka leo sina cheti hata cha kupiga pasi. Nina mikono na mdomo. Mdomo ndio umenipa jina: Kiberiti.

Habari hizi ni za Rula, si zangu. Lakini mimi nimo, kwa sababu kidogo tu afukuzwe kazi na nyumba juu, na aliyemponza ni mimi.

Ilianza Alhamisi asubuhi. Mhandisi, bosi wetu, mwanamke mrefu ambaye akitembea viatu vinatangulia kukuonya, alikuja mezani kwangu na karatasi mkononi.

"Kiberiti, mtu wako wa kituo cha juu katoroka."

"Mtu wangu tangu lini?"

"Si anatumia mfumo wako? Siku thelathini na nane hajatuma hata namba moja. Nimempigia, hapatikani."

"Umempigia mara ngapi?"

"Mara moja. Unafikiri mimi sina kazi nyingine?"

Karatasi ilikuwa barua. Ilisema Rula ameacha kazi bila taarifa, kwa hiyo ameachishwa, na nyumba ya kituo aiachie mwisho wa mwezi. Gari la ofisi lilikuwa linapanda huko Jumamosi, barua iende nalo.

"Sasa nitolee orodha ya siku alizokosa," Mhandisi akasema. "Naibandika nyuma ya barua, asije akaleta ubishi."

Nikamjibu, kwa mdomo huuhuu: "Mfukuze bosi. Watu wanatafuta kazi kwa tochi, yeye amelala mtoni anahesabu vyura."

Ndivyo nilivyosema. Sifichi.

Nikafungua mfumo kutoa orodha. Rula anatuma kwa simu: anajaza namba, anapiga picha ya ubao iwe ushahidi, anabonyeza Tuma. Vituo vingine vyote siku hizi vina vipimo vya umeme vinavyojituma vyenyewe. Yeye tu ndiye bado anatumia macho. Nikatazama mstari wake wa mwisho: Jumapili jioni. Baada ya hapo, hakuna kitu.

Jumapili ile naikumbuka vizuri. Diski ya seva ilijaa, nikaitwa siku ya mapumziko, nikaja nimevimba kama andazi. Nikahamisha folda ya picha kwenda diski mpya, nikafunga, nikaenda zangu.

Nikaiacha ile orodha. Nikafungua lile daftari ambalo seva huandika makosa yake, ambalo kusema kweli nilikuwa silifungui. Mstari wa kwanza: ruhusa ya kuandika imekataliwa. Wa pili: ruhusa ya kuandika imekataliwa. Saa kumi na mbili na dakika sita asubuhi. Saa kumi na mbili na dakika nne jioni. Asubuhi, jioni, asubuhi, jioni. Nikahesabu mpaka Jumatano jioni, ukiacha ya asubuhi ileile. Sabini na sita.

Rula hajatoroka. Rula alikuwa anatuma kila siku, mara mbili, na sisi tunamwaga.

Nieleze kwa kifupi, hata asiyejua kompyuta ataelewa. Ndani ya seva kila folda ina mwenyewe, na mwenyewe ndiye anayesema nani aandike humo. Kuna mkuu wa seva, huyo anaruhusiwa kila kitu. Na kuna mtumishi, akaunti ndogo inayoendesha mfumo wetu, hiyo inaandika pale tu iliporuhusiwa. Jumapili ile, kwa haraka na hasira, niliingia kama mkuu, nikahamisha kama mkuu. Folda mpya ikazaliwa ni mali ya mkuu. Mtumishi akileta picha ya Rula, anakuta mlango si wake. Na nilivyoutengeneza mfumo, picha isipohifadhiwa, na namba haihifadhiwi. Vinakufa pamoja.

Utaniuliza: sasa Rula mwenyewe hakuona kosa? Hapo ndipo pabaya zaidi.

Miaka mitatu nyuma, wasomaji wa vituo walikuwa wananipigia simu kila kosa dogo likitokea. "Binti, imeandika maneno mekundu." "Binti, inakataa." Siku moja nikawaka. Nikafungua ule ukurasa nikauandika upya: mtu akibonyeza Tuma, litokee lolote, liwe zuri liwe baya, ukurasa useme "Imepokelewa. Asante." Simu zikakoma. Nikajiona mjanja wa mji.

Kwa hiyo mara sabini na sita tulimtupia kazi yake, na mara sabini na sita tukamwambia asante.

Wanasema za mwizi ni arobaini. Zangu hazikufika hata hapo.

Nikaanza kutengeneza. Dawa ya mkato naijua, kila fundi anaijua: unafungulia folda watu wote, yeyote anayepita aandike. Niliwahi kuifanya nilipokuwa mgeni wa kazi, na kaka aliyenifundisha akanifokea mbele ya watu: "Mlango ukimkatalia mwenye nyumba, unang'oa mlango? Mpe ufunguo wake!" Basi nikambadilisha mwenyewe wa folda, kutoka mkuu kwenda mtumishi. Nikajaribu kuandika faili kwa jina la mtumishi.

Ikakataa.

Nikatukana mpaka mfagiaji akatoka chumbani. Nikarudia. Ikakataa tena. Ikabidi nitulie, jambo ambalo silipendi, nikafuata njia kuanzia juu kabisa ya diski, folda moja moja. Nikaiona. Folda ya juu nilikuwa nimeifunga hata kupita. Mtumishi nimempa ufunguo wa chumba, korido nimepiga kufuli. Nikamruhusu apite tu, kuandika huko juu hapana. Nikajaribu mara ya tatu, faili likakaa.

Dakika kumi na moja. Siku thelathini na nane za mtu, na dawa yake ni dakika kumi na moja.

Halafu nikaenda kwenye ule ukurasa wangu wa uongo nikaung'oa. Sasa ikishindikana, itasema imeshindikana, na simu zije tu.

Nilipokuwa napitia mistari ya zamani ya Rula nikaona kitu kingine. Kwenye fomu kuna kisanduku kinaitwa Maelezo. Mhandisi alikitaka zamani, halafu akakisahau, na hakuna ripoti hata moja inayokionyesha. Wasomaji wengine walikiacha kitupu. Cha Rula kilikuwa kimejaa.

"Maji yana matope kidogo. Habari za huko?"

"Asante na wewe."

"Leo mti umepita na mizizi yake yote. Mkubwa. Ungeuona."

"Jana nilikuwa na homa lakini nimesoma."

"Asante na wewe. Usiku mwema."

Miaka mitatu. Kila siku, mara mbili. Alikuwa anaujibu ule ukurasa.

Nikasimama. Nikaenda kwa Mhandisi.

"Bosi, barua usiitume."

"Kwa nini?"

"Hajatoroka. Ni mimi."

Nikamweleza yote, nikiangalia kalamu zake maana macho nilishindwa. Akavua miwani.

"Ngoja nielewe. Mtu katuma mara sabini na sita, tukamjibu asante mara sabini na sita, na hatuna hata namba moja?"

"Hatuna."

"Picha je?"

"Zikikataliwa zinafutika."

"Kiberiti!" Alipiga meza. "Mimi nimeshakaa mbele ya mkurugenzi nikasema mtu katoroka. Sasa niende na nini? Niende na maneno yako? Atasema mnalindana."

"Nitamwambia mwenyewe."

"Wewe ukimwambia mkurugenzi kitu mtafukuzwa wawili." Akaivuta ile barua. "Rula huwa anaandika daftarini kwanza. Zamani alikuwa anaandika. Niletee namba zote sabini na sita. Kituo cha chini kina kipimo cha umeme. Maji yakipanda kwa Rula, baada ya muda wa saa sita lazima yapande kule. Nikiona zinafuatana, barua naichana. Zisipofuatana, au akiwa hana daftari, barua inapanda gari Jumamosi. Sina njia nyingine."

Nikampigia Rula. Hapatikani. Ijumaa alfajiri nikaondoka.

Gari la mizigo lilinishusha njia panda. Kutoka pale ni miguu, saa moja na nusu, kijinjia chembamba na nyasi za kiunoni. Sikukutana na mtu. Hata mbwa. Nimezoea kelele mimi, nikaanza kusikia mpaka nguo zangu zinavyosuguana.

Nyumba ya kituo ni chumba kimoja cha matofali na bati. Nikapiga hodi. Kimya. Nikapiga tena. Akatokea nyuma ya nyumba, mtu mwembamba wa miaka hamsini na kitu, suruali imekunjwa mpaka magotini, mkononi mti mrefu uliofungwa brashi ya kusugulia ubao wa mtoni. Alinitazama kama vile nimeanguka kutoka juu.

"Unamtafuta nani?"

"Nakutafuta wewe, mzee. Shikamoo."

"Marahaba." Sauti yake ilitoka kwa kukwaruza, kama mlango wa stoo. "Mimi?"

"Wewe. Natoka ofisini."

Akaweka brashi chini. Akaingia ndani mbio, akatoka amevaa shati jeupe.

Ndani kulikuwa na kitanda, kiti kimoja, sahani moja, kikombe kimoja. Simu imetundikwa kwenye msumari. Kiti akanipa mimi, yeye akageuza ndoo akakalia. Akanimiminia maji kwenye kikombe, akanisubiri nimalize, ndipo akajimiminia yake.

"Simu yako haipatikani," nikasema.

"Naiwasha asubuhi na jioni. Chaji inatoka mbali."

"Basi sikia, mzee." Mimi kuzungushazunguka sijui. Nikamwambia. Kwamba sabini na sita hazikufika. Kwamba ofisini wanasema katoroka. Kwamba kuna barua, na nyumba hii imo ndani ya barua.

Alisikiliza mikono iko magotini. Nilipomaliza akaitazama simu pale msumarini.

"Mbona iliandika imepokelewa?"

"Iliandika uongo."

"Ikaandika asante."

"Ndiyo."

"Ni wewe ndiye unayeniambia asante?"

Hapa ningeweza kudanganya. Kudanganya ni rahisi, nimekulia sokoni.

"Hapana, mzee. Ni maandishi tu. Niliyaandika mara moja, miaka mitatu iliyopita, nikiwa na hasira zangu. Yanajitokeza yenyewe."

"Hata siku ile ya homa?"

"Hata siku ile."

Akatikisa kichwa polepole, kama fundi anayeambiwa ukuta wake umepinda. Na kweli alikuwa fundi, aliniambia baadaye. Aliijenga nguzo ile kwa mikono yake, akiwa kibarua wa zege. Ofisi ikamwomba akae wiki mbili asome maji mpaka apatikane msomaji. Msomaji hakupatikana. Mkewe alivumilia miaka minne, halafu watoto wakafika umri wa shule, akateremka nao mjini. Mwanzoni alikuwa anapanda kila likizo. Halafu watoto wakaoa na kuolewa, namba za simu zikabadilika.

"Siku thelathini na nane," akasema. "Hamkuona kitu kutoka kwangu. Mkafikiri nini?"

"Wakafikiri umetoroka."

"Nitoroke niende kwa nani?"

Akanikazia macho.

"Hakuna aliyefikiri labda nimekufa?"

Mimi ndiye Kiberiti. Nina jibu la kila mtu: kondakta, polisi, bosi. Pale nilibaki natazama kikombe.

"Daftari lipo?" nikauliza mwishowe.

Akaingiza mkono chini ya kitanda akatoa debe. Ndani madaftari yamepangwa kwa mwaka. La juu kabisa akanipa. Nikalifungua. Ameandika kwa penseli, herufi ndogo kama mayai ya chawa, kubana karatasi; unyevu umepita humo, kurasa zimekuwa kijivu. Nikapiga picha, ikatoka moshi mtupu. Nikajaribu kusoma mwenyewe, tatu nikaiona nane.

"Lete," akasema. "Mimi nayajua. Nitasoma, wewe andika."

Tukaanza saa tano kasoro. Tulisogea mlangoni, mimi na kiti, yeye na ndoo, nikafungua fomu kwenye simu yangu; mtandao unashika hapo tu.

"Jumatatu asubuhi. Mita moja, sentimita hamsini na mbili."

"Endelea."

"Jioni. Moja, hamsini na moja. Usiandike haraka, binti, utakosea."

"Sijakosea."

"Umeandika hamsini na saba, nimeona."

Kweli nilikuwa nimeandika hamsini na saba. Nikafuta. "Macho yako haya si ya kawaida, mzee."

"Ndiyo kazi yake. Ukisoma umesimama, maji yanakudanganya. Mimi nalala kifudifudi pale, jicho lilingane nayo."

"Kila siku unalala chini?"

"Sasa, nisomee mgongo?"

Nikacheka. Naye akacheka kidogo, akajikohoza.

Akaendelea. Na kila namba ilikuwa na habari yake, hakuzisoma kavu. "Alhamisi jioni, moja, sabini na nne. Hii ilikuja na mbao za mtu, sijui kapoteza daraja." "Jumanne asubuhi, moja, sitini. Ilikuwa na ukungu, nilisubiri nusu saa ndipo nikaona mstari." Nilikuwa namwambia namba tu, mzee, namba tu, jua linakwenda. Halafu nikaacha kumwambia, nikarudi nikazijaza habari zake zote kwenye kile kisanduku cha Maelezo.

Kufika ya arobaini sauti yake ilianza kukatika. Nikampa maji. Akanywa, akashika koo.

"Ni nini?"

"Sijazungumza hivi," akasema, "tangu waje kupaka rangi ubao. Mwaka juzi."

Ya hamsini ikatoka kwa kunong'ona. Nikaacha kiti nikakaa chini karibu na ndoo yake, sikio langu liko begani kwake. Harufu ya sabuni ya kufulia. Ya sitini nilikuwa nasoma midomo zaidi kuliko kusikia.

"Pumzika, mzee."

Akakataa kwa kichwa. Akagusa ukurasa kwa kidole: endelea.

Sita za mwisho hazikuwa na sauti kabisa. Akaanza kunionyesha kwa vidole. Kimoja, kwa mita. Halafu vinne. Halafu viwili. Mimi nasema kwa sauti, "Moja, arobaini na mbili?" naye anaitikia kwa kichwa, anafungua ukurasa. Ya sabini na sita ilikuwa jioni ya Jumatano. Kimoja, vitatu, tisa. Nikabonyeza Tuma. Nikampigia Mhandisi.

"Ngoja," akasema, akakata.

Tukangoja. Kutoka pale mlangoni mto hauonekani, unasikika tu. Rula alikunja daftari, akalifunga kwa kamba, akalifungua tena, akalifunga. Shati lake jeupe lilikuwa limelowa mgongoni. Dakika ishirini, labda na tano. Sijawahi kukaa dakika ishirini bila kusema neno tangu nizaliwe.

Simu ikalia.

"Zinafuatana," Mhandisi akasema. "Zote. Hata ile ya ukungu. Barua nimeichana, nakwenda kwa mkurugenzi sasa hivi. Mwambie abaki." Halafu akaongeza, "Mwambie pole."

Nikakata simu. "Umebaki, mzee. Barua imechanwa. Bosi anasema pole."

Akafungua mdomo. Midomo ikacheza, hakuna kilichotoka. Akajaribu mara ya pili. Akaacha.

"Na mimi pole," nikasema. "Kosa lilikuwa langu, si la mashine."

Akanitazama muda mrefu. Nilitamani anitukane. Matusi nayajua, nayapokea na kuyarudisha, tungemalizana hapohapo. Lakini hata kama alikuwa nayo, hakuwa na sauti ya kuyatolea.

Gari la mwisho njia panda linapita saa kumi na moja. Nilisimama, yeye akasimama. Akanisindikiza mpaka nyasi zinapoanzia, akainua mkono, akageuka kurudi, hakutazama nyuma. Kazi yake ya jioni ilikuwa inakaribia.

Nikatembea saa moja na nusu mpaka barabarani, na njia nzima sikuwa na mtu wa kumkasirikia.